Donge Lililobaki Moyoni

Mkasi uliniponyoka mkononi nikiwa nimekata kitambaa cha sketi hadi katikati. Nikauokota, ukaanguka tena. Ilikuwa Januari, wiki ya kufungua shule, na mbele ya duka letu pale Keroka wazazi walikuwa wamesimama na watoto wao wakingoja sare, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyefika kwanza. Sikuwa na nafasi ya kufikiria mkono. Niliinama kuuokota tena, lakini vidole vilikataa kukunjika. Vililala tu juu ya chuma kama vidole vya mtu mwingine.

Dukani tulikuwa wawili. Mimi nilishona upande wa mlangoni, na mwenzangu akauza leso na vitambaa upande wa ndani. Yeye ni Mwislamu, mzaliwa wa Kisii mjini. Babu yake alikuja zamani kufanya biashara akaoa huku, na kwao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Mimi ni mtoto wa wakulima wa chai wa Sironga, nimeolewa si mbali na Keroka. Kiswahili changu nilikipata shuleni, kisha kikanyooka kwa kukaa naye miaka hiyo yote. Aliniita dadangu, nami nikamwita dada, ingawa kwa umri angeweza kuwa shangazi yangu.

Mama mmoja aliniuliza kama sketi ya bintiye ingekuwa tayari kabla ya saa sita. Nilitaka kumwambia angoje kidogo. Kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa "sabuni". Nililisikia neno hilo likitoka na nikajua silo. Nikajaribu tena, likatoka lile lile. Yule mama akacheka, akidhani namtania.

Mwenzangu hakucheka. Aliacha mteja wake, akaja akanishika kidevu na kunigeuza uso kwenye mwanga.

"Dadangu, hebu cheka. Cheka nione meno."

Nikacheka. Nilimwona macho yakimtoka.

"Inua mikono. Yote miwili."

Nikainua. Nilikuwa na hakika nimeinua yote miwili, mpaka nilipotazama chini nikaona wa kulia umelala mapajani juu ya kitambaa cha buluu.

Watu walianza kusogea. Mmoja alisema ni presha, nipewe maji ya baridi. Mwingine akasema ni njaa, nitafutiwe soda. Chupa ilikuwa tayari imefunguliwa ilipofika mdomoni mwangu, na mwenzangu akaipiga kofi ikamwagika.

"Msimpe kitu! Baba yangu walimpa maji akiwa hivi, yakaingia mapafuni. Hiki ni kiharusi."

"Kiharusi?" akauliza yule mama wa sketi. "Na huyu ni msichana tu?"

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Nilisikia kila kitu. Hilo ndilo watu hawakulijua siku ile wala siku zilizofuata: nilikuwa nasikia na kuelewa kila neno, ila nilikuwa nimefungiwa ndani.

Kulikuwa na mwanamume aliyekuwa akishusha ndizi kutoka kwenye pikapu. Mwenzangu alimwendea huku akijifunga leso kiunoni. "Kaka, zilizobaki ziache hapo chini, watu watakuangalizia. Tunaenda Kisii sasa hivi." Alimwambia kwa sauti ambayo haikumwachia nafasi ya kuuliza. Walinibeba wakanilaza nyuma kwenye majani makavu ya migomba, mwenzangu akaketi na kichwa changu mapajani pake, na wazazi wakabaki wametukodolea macho na vitambaa vyao mikononi.

Njia nzima ya kwenda Kisii nilitafuta jina la mtoto wangu. Nina binti mmoja, wakati huo alikuwa darasa la tatu. Nilimwona waziwazi, meno yake ya mbele, jinsi anavyokunja pua akicheka. Jina halikuja. Nililitafuta kama mtu anayepapasa ukutani gizani akitafuta mlango, na kadiri nilivyolitafuta ndivyo moyo ulivyozidi kunidunda ovyo, mapigo mawili ya haraka, kimya, kisha matatu yanayogongana. Mapigo hayo hayakuwa mageni kwangu. Kwa miezi mingi nilikuwa nikihema nikipanda mlima, na usiku nililala nimeegemea mito miwili kwa sababu nikilala chali nakohoa. Nilijiambia ni vumbi la vitambaa.

Hospitalini walinipiga picha ya kichwa. Mume wangu alifika kutoka Kiogoro, ambako alikuwa akijenga nyumba ya mwalimu mmoja, mikono bado ina saruji. Alisimama miguuni mwa kitanda akaniita kwa Ekegusii. Nikafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Aligeuka akatazama dirishani.

Mama yangu alifika baadaye kutoka Sironga akiwa na viatu vya shambani. Alipopita mlangoni, neno lilinitoka lenyewe bila kulitafuta. "Baba," nilisema.

Muuguzi alifurahi. "Ameongea! Anamtaka babake. Babake yuko wapi?"

"Baba yake alikufa zamani," mama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ananiita mimi. Sisi tunaita mama hivyo." Akanishika mkono uliokufa akaubana kwenye shavu lake. Nilimwona akinishika, lakini sikuhisi chochote.

Daktari aliyenitibu alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye tabia ya kuvuta kiti na kuketi kabla ya kusema neno. Aliwaambia kwamba kichwani hakukuwa na damu iliyovuja. Mshipa ulikuwa umezibwa na donge la damu. Kisha akaniwekea kifaa chake cha kusikilizia moyo kifuani, akasikiliza, akanigeuza ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Mume wangu akashindwa kuvumilia.

"Ni nini, daktari?"

"Nafikiri donge halikuanzia kichwani," alisema. "Nafikiri limetoka moyoni. Lazima tuutazame moyo wenyewe."

Kesho yake walinipeleka chumba chenye pazia zito, wakanipaka mafuta baridi kifuani, na moyo wangu ukatokea kwenye kioo, wa kijivu, ukirukaruka. Daktari aligeuza kioo kidogo ili mama na mume wangu nao waone. Aliwaeleza polepole, na mimi nikasikiliza kana kwamba wanazungumza juu ya nyumba inayouzwa. Moyo una vyumba vinne. Kati ya chumba cha juu cha kushoto na cha chini kuna vali, mlango unaoruhusu damu kushuka na kuizuia isirudi. Wangu ulikuwa mnene na mgumu, kingo zake zimegandana, umebakiza mwanya mdogo kama tundu la kifungo. Damu ilikuwa ikisongamana chumba cha juu. Chumba kilikuwa kimetanuka kwa kubeba mzigo huo, kikaacha kupiga kwa mpangilio, kikawa kinatetemeka tu. Na damu isiyosukumwa vizuri hutulia, na ikitulia huganda.

"Utotoni aliwahi kuumwa koo, halafu viungo vikavimba?" daktari akamuuliza mama.

Mama alinitazama mimi kwanza. "Magoti," alisema. "Magoti ilivimba, akalala nyumbani muhula mzima. Nilimkanda na maji ya moto. Ikapona." Sauti yake ikashuka. "Mimi niliona imepona."

"Ugonjwa ule wa koo unaweza kushika viungo na moyo pia. Magoti yalipona, mama. Ni moyo ndio ulibaki na kovu. Watoto wengi hupitia hapo na hakuna anayejua. Haikuwa kosa lako."

Mimi nilikumbuka mvua za muhula ule, na yeye akinibeba mgongoni kunipeleka chooni ingawa nilikuwa msichana mkubwa. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikasema "sabuni".

Kisha daktari akasogeza kidole chake kwenye kioo hadi pembe moja ya kile chumba kilichotanuka. Kulikuwa na kitu pale, kivuli kilichonata ukutani, ncha yake ikicheza kila moyo ulipodunda.

"Hili ni donge jingine," alisema. "Lililokwenda kichwani lilikuwa kipande tu."

Mume wangu aliuliza lile lililokuwa akilini mwangu. "Na hili likitoka?"

"Linaweza kwenda kichwani tena. Au mguuni, au kwenye figo. Kuna dawa ya kuzuia damu isigande, na ndiyo tutakayompa. Lakini siwezi kuianza leo. Ubongo umeumia, na tukiharakisha, pale palipoumia panaweza kuvuja damu. Tukichelewa, hili nalo linaweza kuondoka. Tutangoja siku chache, tupige picha nyingine ya kichwa, halafu tuanze."

Siku zile chache sijui nizieleze vipi. Nililala kama mtu aliyewekewa yai kifuani. Sikutaka kukohoa. Muuguzi aliponigeuza ili nisipate vidonda mgongoni, nilishikilia chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto, macho nimeyafumba, nikiiona ile ncha ikicheza. Mume wangu alipoingia alinitazama mdomo kabla ya kunisalimu, kuona kama umepinda zaidi. Mwenzangu wa dukani alikuja kila baada ya kufunga biashara, akaketi, akanifundisha maneno kama anavyofundishwa mtoto. Alichukua kikombe. "Hiki nini?" Nikatoa jasho. "Ki," akasema. "Ki..." "Kikombe," nikamaliza. Alikuwa akilia huku anacheka.

Ajabu ni kwamba Kiswahili ndicho kilichorudi kwanza. Maneno ya nyumbani, ambayo niliyanyonya kwa mama, yalichelewa. Niliporuhusiwa kutoka hospitalini baada ya dawa kuanzishwa, mama mkwe alinisalimu kwa Ekegusii nami nikamjibu kwa Kiswahili. Alidhani nimejitia mtu wa mjini. Mume wangu akamweleza, lakini niliona bado ameumia.

Dawa ilikuwa vidonge vidogo sana kwa kazi iliyokuwa ikifanya. Daktari alitupa masharti: kumeza saa ile ile kila jioni, kurudi Kisii kupimwa jinsi damu inavyoganda, kutomeza dawa yoyote ya maumivu ya dukani bila kuuliza, na kuwa mwangalifu na mboga. Sharti hilo la mwisho lilimshtua mama mkwe kuliko yote. Nyumba ya Mkisii bila chinsaga na managu ni nyumba gani? Daktari hakusema niache. Alisema nile kiasi kile kile kila wiki, kwa sababu mboga za majani zikizidi ghafla hupunguza nguvu ya dawa. Basi mama mkwe akawa ananipakulia mboga kwa kijiko kimoja kile kile, akikipangusa ukingo kwa kidole, uso umekunjamana kama anayepima sumu.

Na neno sumu ndilo lililokuja kutugawanya.

Jioni moja mume wangu alirudi kutoka kazini hajavua hata viatu. Kwa kawaida yeye ndiye aliyenitolea kidonge, kwa kuwa mkono wangu haukuweza kufungua pakiti. Siku ile aliishika pakiti, akaketi mkabala nami, asiifungue.

"Unajua hii ni kitu gani?" aliuliza. "Leo nimeambiwa na watu kazini, nikadhani ni uongo. Nimeangalia kwenye simu. Hii ni dawa ya panya. Panya wanalishwa hii, wanavuja damu ndani mpaka wanakufa."

Mama mkwe akaweka chini sufuria aliyoishika.

"Na juzi ufizi wako ulitoka damu ukipiga mswaki," akaendelea. "Niliona. Mke wangu nimlishe sumu kwa mkono wangu mwenyewe? Kanisani wamekuombea. Unatembea sasa. Maneno yanarudi. Labda hilo donge limeshaisha, tunajiua bure."

Nilijua alichokuwa akisema kilitokana na hofu. Niliona pia kwamba hofu yake ilikuwa na nguvu kuliko mimi, kwa sababu yeye alikuwa na maneno yote na mimi nilikuwa na machache mno. Saa ya kidonge ilikuwa imefika. Niliweka mkono wa kushoto kifuani.

"Donge," nilisema.

"Sikiliza kwanza..."

"Donge. Hapa." Nikajipiga kifua pale nilipoliona kwenye kioo. "Bado."

"Umejuaje kama bado?"

Swali lilikuwa la haki. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Mama mkwe alisema kwa Ekegusii kwamba labda tungoje hadi asubuhi tuulize, siku moja haitadhuru. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akainuka na pakiti mkononi.

Sijawahi kutafuta maneno namna ile. Nilishika ukingo wa meza nikasimama, mguu wa kulia ukitetemeka, na nikayatoa moja moja, kila moja likinigharimu pumzi.

"Nitakufa... mimi. Si wewe. Nipe."

Alisita. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizokuwa nimesema tangu siku ile dukani. Nilikuwa nikilia, mate yananitoka upande ule wa mdomo, na sikuyafuta.

Alimpigia simu mwenzangu wa dukani, kwa sababu ndiye aliyekuwa na nambari ya daktari. Nilimsikia yule dada akifoka kutoka ndani ya simu kabla hajamwunganisha na daktari. Daktari naye alizungumza naye muda mrefu. Mume wangu alisema "ndiyo", "ndiyo", "hapana, si nyingi, ni ya ufizi tu", "ndiyo". Alipomaliza alibaki ameinamisha kichwa.

"Amesema ni kweli, inatumika kwa panya," aliniambia. "Amesema tofauti ni kipimo. Ndiyo maana tunapima damu. Twende kesho wapime, kwa sababu ya ufizi." Akapasua pakiti, akaniwekea kidonge ulimini mwenyewe.

Kesho yake damu ilipimwa. Ilikuwa imekuwa nyepesi kidogo kupita kiasi, wakapunguza dozi, tukarudi nyumbani. Njiani alinishika mkono wa kulia, na safari hii nilihisi. Ilikuwa kama joto linalopita ndani ya glavu nene.

Tuliendelea hivyo hadi mvua za masika zikapita. Kila nilipokwenda kutazamwa moyo nilijaribu kusoma uso wa daktari kabla hajasema. Mara ya kwanza donge lilikuwa limepungua. Mara iliyofuata aliitazama ile pembe muda mrefu, akaniambia halioni, lakini hawezi kuapa, kwa sababu ukitazama kwa juu ya kifua pembe hiyo hujificha. Alinituma Eldoret, ambako wangeweza kuutazama moyo kwa nyuma, kupitia kooni, na kama pembe ni safi wafungue vali bila kupasua kifua.

Kumeza ule mrija wa kutazamia moyo ni kitu ambacho sitaki kurudia. Walininyunyizia dawa ya kutia ganzi kooni, wakaniambia nimeze kama ninavyomeza ugali, na mwili wangu wote ukakataa. Nilisikia daktari wa huko akihesabu pumzi pamoja nami. Kisha nikamsikia akimwambia mwenzake, "Pako safi." Nilikuwa na mrija kooni, sikuweza hata kulia vizuri.

Walipitisha waya kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakapuliza puto dogo ndani ya vali, zile kingo zilizogandana zikaachana. Nilikuwa macho. Kwa muda mfupi moyo ulisita, nikadhani ndiyo mwisho wangu na dari nyeupe ile ndiyo kitu cha mwisho nitakachokiona. Kisha hewa ikaingia. Siwezi kulisema vingine. Kwa miaka nilikuwa nikipumua nusu bila kujua, na ghafla kifua kikafunguka hadi chini.

Sijapona yote. Chumba kile cha juu bado kinatetemeka badala ya kupiga, kwa hiyo kidonge nitakimeza kila jioni ya maisha yangu. Vali imefunguliwa lakini ina kovu, na wanasema huenda siku moja ikahitaji kubadilishwa. Mkono wa kulia unashika sindano lakini haumudu mkasi mkubwa, kwa hiyo mwenzangu hunikatia vitambaa na mimi nashona. Kuna wateja wanaonipigia kelele wakidhani mimi ni kiziwi kwa sababu nachelewa kujibu. Jina la binti yangu lilirudi siku moja nikikunja nguo, bila sababu yoyote, nikalisema kwa sauti mara nyingi hadi akaja kuuliza kuna nini.

Linalotusumbua sasa ni mtoto wa pili. Tulimtaka sana kabla ya haya yote, na mama mkwe hajaacha kuuliza. Daktari ametuambia tusijaribu bila kupita kwake kwanza. Dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mimba huuongezea moyo kazi ambayo wangu unaweza kushindwa kuibeba. Kuna njia, alisema, dawa inaweza kubadilishwa, lakini hakuna njia isiyo na hatari. Mume wangu anasema mmoja anatosha. Husema hivyo haraka, bila kunitazama. Jumapili iliyopita tulikuwa tukichuma chai pamoja kwenye mstari mmoja, nikamuuliza tena kama anasema kweli au anaogopa tu. Alichuma majani mengi kabla ya kujibu.

"Yote mawili," alisema.

Tutakwenda Kisii pamoja mwezi ujao, tuulize vizuri, sote wawili tukiwa tumeketi.